Zizi

Tunaongoza tano kwa moja, awamu ya saba,
na Ocasio anarusha kama mtu anayefunga mlango wa nyumba yake,
taratibu, kwa ufunguo anaoujua.
Ndipo Vukovich anapotoka kivulini,
mikono mfukoni, anatafuna mbegu za alizeti,
na sisi wa jukwaa la kumi na nne tunaanza kuguna
kabla hajavuka mstari wa chaki.
Barua hii tumeshaisoma.

Anapanda kichuguu. Ananyoosha kiganja, anapewa mpira.
Anamgusa kijana bega, kidogo tu.
Usiache mbachao, Harlan! Usiache mbachao!
Hasikii. Hajawahi kusikia.

Bi Hruska, miaka themanini na moja,
anaichomoa penseli sikioni, anafunga daftari la matokeo.
"Yaliyobaki," anasema,
"sitaki yawe na mwandiko wangu."

Kule nyuma ya uzio, wanakopashia misuli,
wanapaita zizi la fahali.
Misimu ishirini na miwili nimelipia kiti hiki
sijaona fahali.
Nimeona ndama. Nimeona ng'ombe aliyekwisha kukamuliwa.
Mwaka ule wa mvua niliona mmoja
aliyejikwaa akifungua lango.

Leo ni Pruitt.
Mipira minne nje. Minne mingine nje.
Wa tatu anampiga mtu pajani, vituo vinajaa,
na Vukovich anatema ganda, anarudi kichuguuni,
anamwita Lindqvist.
Mpira wa kwanza wa Lindqvist ulipaa
juu ya tangazo la daktari wa meno, lile la tabasamu kubwa.
Tabasamu likabaki.
Tano kwa tano. Halafu tano kwa sita,
ya sita sikuiona ilivyoingia,
nilikuwa nahesabu skrubu za kiti cha mbele.

Redioni, njia nzima hadi daraja la Mahoning,
kila aliyepiga simu alikuwa meneja.
Fundi Teofilo alisema afukuzwe usiku huu huu,
asingoje hata kuoga.
Nilimtambua sauti. Nikasema amina peke yangu garini.

Saa sita usiku, kituo cha mafuta,
namkuta amesimama kwenye foleni:
maziwa ya galoni, chakula cha paka,
kofia ya Wafua Chuma imegeuzwa nyuma.
Hotuba yangu ina miaka kumi na mmoja, naijua kwa moyo,
ina utangulizi, ina takwimu.
Kilichonitoka ni hiki:
"Kwa nini Ocasio?"

Akayatazama maziwa.
"Bega. Tangu awamu ya tano havisikii vidole.
Mkewe anajifungua wiki hii, mkataba unaisha Septemba.
Aliniomba nisiseme."
Akalipa, akahesabu chenji.
"Na wewe usiseme."

Sikusema. Hata nyumbani sikusema.

Siku tano baadaye Ocasio yuko tena juu ya kichuguu
na mimi siangalii mpira, naangalia vidole.
Awamu ya nne, tunaongoza tatu bila,
mtu wa alizeti anatoka kivulini
na uwanja mzima unamzomea hadi mabati yanalia.
Teofilo ananipiga kiwiko: "Vipi, umemeza ulimi?"
Bi Hruska ananitazama juu ya miwani,
muda mrefu, kama anayetafuta kosa la hesabu.
Nimeibana siri shavuni kama mbegu,
na pa kutemea ganda sina.

Ocasio anashuka ameinamisha kichwa.
Napiga makofi, mimi peke yangu, watu wanageuka.

Kisha kule nyuma ya uzio lango likafunguka.
Nikamjua kwa mwendo, kabla sijaona namba mgongoni.

Nikasimama juu ya kiti, mtu mzima wa miaka hamsini na sita.
La bega nitazikwa nalo, Harlan, nimekuahidi.
Lakini Pruitt?
Nani, nani alikuambia
Pruitt?